Kuchagua Upinde Mpya wa Kuwindia

Mwezi huu napenda kuwaeleza habari za kuchagua na kununua upinde mpya wa kuwindia. Huenda wengine wakasema kwamba hii ni habari ya watu wachache. Walakini ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili siku hizi wanakaa Marekani, na katika majimbo ya huko kuwinda ayala kwa upinde ni jambo la halali, lenye majira yake na leseni yake. Kila mwaka naona watu wazima wenye akili wakiingia dukani na fedha za nyumba zao, kisha wakatoka na upinde usiowafaa. Kwa hiyo nimeona yafaa niandike yale niliyoyapata mwenyewe, mwaka nilipotimiza miaka 58 na ikanilazimu kuachana na upinde wangu wa zamani.

Kwanza nataka kueleza jambo moja waziwazi, nisije nikampoteza mtu. Maneno haya hayawahusu walioko Kenya. Kule serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyama wa porini ya mwaka 2013 yatoa adhabu kali hata kwa mtu awindaye nyama ya kula tu. Mimi nalizaliwa Ukambani. Marufuku ilipotoka nalikuwa mtoto mdogo, na upinde wa babu yangu ukatundikwa ukutani, wala haukutoka tena. Sasa nakaa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako majira ya upinde hufunguliwa katikati ya Septemba na kufungwa mwisho wa Desemba. Mnyama tunayemwinda ni ayala mwenye mkia mweupe, ambaye kwa umbo yu karibu na kulungu wetu, ila yeye ni mkubwa zaidi.

Mtu atakaye kuchagua upinde, sharti ajue kwanza jinsi mshale unavyoua. Hapo ndipo wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tunapochanganyikiwa. Kwa wazee wetu mshale ulikuwa mjumbe wa sumu. Wakamba, Wagiriama, na hasa Waata wa nchi ya Tsavo, walichemsha vipande vya mti ambao wataalamu huuita Acokanthera, hata wakapata kitu cheusi kizito mfano wa lami, wakaupaka mshale nyuma ya chembe chake. Sumu hiyo ikiingia katika damu huushika moyo mpaka ukasimama. Basi mshale ulitakiwa kupenya ngozi na kuingia nyamani tu; kazi iliyobaki ilikuwa ya sumu. Waata waliwinda hata tembo kwa njia hiyo, na pinde zao zilikuwa nzito ajabu: zilipopimwa, mvuto wake ulionekana kupita ratili 100. Nguvu hizo hazikuwa za majivuno. Zilitakiwa, kwa kuwa ngozi ya tembo si kitu cha mchezo.

Huku tunakowinda ayala hatutumii sumu. Mshale huua kwa kukata. Chembe chake kina makali kama wembe, nacho hukata mishipa ya damu iliyo katika mapafu na moyo. Mnyama akipigwa sawasawa mahali hapo huanguka upesi, pengine kabla hujamaliza kuvuta pumzi zako za hofu. Akipigwa penginepo, tumboni au pajani, hukimbia na jeraha lake, akateseka saa nyingi, na huenda asionekane tena. Kwa sababu hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe, “Upinde huu una nguvu kiasi gani?” Bali na ajiulize, “Nikiuvuta upinde huu, je, naweza kuushika ukatulia, mshale ukaenda mahali pale pale, leo na kesho, katika joto na katika baridi?” Maneno yote yatakayofuata yatoka katika swali hilo moja.

Upinde wangu wa zamani ulikuwa wa ratili 70. Naliununua nilipokuwa na nguvu zangu zote, nao ukatupatia nyama miaka kumi na tisa. Kisha bega la kulia likaanza kuuma, na daktari akanieleza kwamba kano zake zimechakaa, wala hazitarudi kuwa kama zamani. Msimu uliofuata, asubuhi moja ya Novemba yenye baridi kali, ayala alisimama mbele yangu hatua ishirini tu, akinionyesha ubavu. Nikavuta. Ugwe ukafika shavuni, lakini mkono ukatetemeka, na alama ya kilengeo ikawa inarukaruka kutoka bega la mnyama hata tumbo lake. Ndipo nikaurudisha ugwe polepole, nikashusha upinde, na ayala akaenda zake kwa amani. Nalifurahi kwamba ameondoka mzima. Walakini nikajua ya kuwa mimi na upinde ule safari yetu imekwisha.

Pinde nyingi za siku hizi zina skrubu mbili za kupunguzia nguvu, lakini mara nyingi hupunguza ratili kumi tu hivi. Nikazilegeza, 70 zikawa 60, na bega likasema kwamba bado ni nyingi. Basi nikabaki na njia mbili: kuacha kuwinda, au kutafuta upinde mwingine ulio mwepesi. Sitaficha kwamba njia ya pili ilinichoma moyo kidogo. Mtu aliyezoea kusema “ratili sabini” mbele ya wenzake haoni raha kutaja hesabu ndogo.

Nikamweleza mke wangu. Akaweka chini alichokuwa akishona, akaniambia, “Baba watoto, ada ya chuo ya mwanao yatakiwa Agosti. Nitajie kiasi, nami nitakuambia kama kipo.” Tukakaa mezani na daftari la matumizi ya nyumba. Nyama ya ayala mmoja hutufaa sana wakati wa baridi, naye alijua hivyo. Lakini alijua pia kwamba duka la pinde lina vitu vya kumtamanisha mzee kuliko mtoto katika duka la peremende. Mwisho tukapatana dola 700 kwa kila kitu, yaani upinde, mishale, vyembe na kodi. Nami nikamwambia, “Zisipotosha, sinunui.” Mtu yeyote anayetaka shauri langu, nampa hili la kwanza: kiasi cha fedha kikatwe nyumbani, mezani, mbele ya mwenzako. Kisikatwe dukani.

Sasa nieleze namna za pinde. Ziko tatu zinazotumiwa sana. Kuna upinde mrefu wa kale, ulio kipande kimoja cha mti au mbao zilizogandishwa pamoja. Kuna wa pili, ambao ncha zake zimepinda kuelekea mbele, na kwa hiyo hurusha mshale kwa kasi zaidi. Na kuna wa tatu, ambao mimi nauita upinde wa kapi, kwa sababu katika ncha zake mna magurudumu madogo kama kapi za chombo cha baharini, na ugwe huzunguka juu yake. Huo wa tatu ulibuniwa na mtu wa jimbo la Missouri, Holless Wilbur Allen, ambaye aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1966 akaipata mwaka 1969. Siku hizi wawindaji wengi wa Marekani hutumia namna hiyo.

Kazi ya kapi ni hii. Katika upinde wa kale, kadiri unavyovuta ndivyo uzito unavyozidi, na mwisho wa kuvuta, wakati wa kulenga, ndipo mkono unapobeba uzito wote. Katika upinde wa kapi uzito hupanda mapema, kisha kapi hugeuka, na uzito ukashuka ghafula. Nyingi hupunguza sehemu 75 hata 85 katika mia. Upinde wa ratili 50 upunguzao sehemu 80 katika mia humwachia mpigaji ratili 10 tu wakati wa kulenga. Hiyo ni faida kubwa kwa mtu wa umri wangu. Lakini angalieni sana. Wauzaji husifu zile ratili 10 za mwisho, na bega hulipa kwanza zile 50. Kapi halikuondolei mlima. Hukupa uwanda baada ya kuupanda.

Kabla ya kwenda dukani, kuna vipimo viwili ambavyo mtu aweza kuvipata nyumbani bila gharama. Cha kwanza ni urefu wa kuvuta. Simama umenyosha mikono yote miwili kando, bila kujitanua kwa nguvu, na mtu mwingine apime kwa inchi kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hata ncha ya kidole cha kati cha mkono wa pili. Kisha gawanya kwa mbili na nusu. Mimi nalipata inchi 70, na nilipogawanya nikapata 28. Huo ndio urefu wa kuanzia, na fundi atausahihisha kidogo. Upinde mrefu kuliko kipimo chako hukuegemeza nyuma, na ugwe hukuchapa mkononi. Mfupi kuliko kipimo chako hukukunja kama mtu aliyevaa koti la mdogo wake.

Kipimo cha pili ni cha jicho. Kila mtu ana jicho moja litawalalo lingine. Unganisha viganja vyako mbele yako, ukiacha tundu dogo katikati, utazame kitu cha mbali kwa macho yote mawili kupitia tundu hilo. Kisha fumba jicho la kushoto. Kitu kikibaki tunduni, jicho lako la kulia ndilo bwana. Kikitoweka, la kushoto ndilo bwana. Yafaa kujua hayo kabla hujanunua upinde wa mkono wa kulia au wa kushoto, maana katika pinde za kapi hizo ni aina mbili mbalimbali, wala huwezi kuzibadilisha baada ya kununua.

Basi nikaenda kwa fundi mmoja wa pinde mwenye duka dogo. Sikuenda penye maduka makubwa ya barabarani, ambako pinde hupangwa kama sufuria na hapana mtu wa kukuuliza neno. Yule fundi hakuniuliza kwanza habari za fedha. Aliniuliza mambo matatu: “Unawinda mnyama gani? Unampiga kutoka mbali kiasi gani? Na mwili wako una hali gani?” Nikamjibu, “Ayala. Yadi 25 wala si zaidi. Na bega langu la kulia ni gonjwa.” Akaitikia kwa kichwa, akaniletea kiti.

Alipokuwa akitafuta pinde, aliingia kijana mmoja mwenye mikono minene, akataka ule upinde wa ratili 70 uliokuwa juu kabisa ukutani. Akaushika, akauinua juu kama mtu anayetaka kupiga mwezi, akaushusha huku akijinyonga na kuvuta, uso ukamwiva. Fundi akamtazama akamwambia kwa upole, “Kijana, ayala hakai mawinguni.” Watu wakacheka, na kijana naye akacheka. Kisha fundi akatueleza sote sababu ya maneno yake. Mtu anayelazimika kuinua upinde juu ili auvute, amechukua upinde mzito kuliko yeye. Porini mnyama huona kila kitu kinachoinuka. Tena mwindaji huwa amekaa saa nyingi katika baridi, misuli imekazana, na nguo ni nzito. Upinde unaovutwa kwa shida katika duka lenye moto hautavutika kabisa Novemba.

Ndipo akanionyesha matumizi ya kile kiti. Mtu hukaa, akainua miguu yote miwili juu kidogo isiguse sakafu, akauelekeza upinde mbele moja kwa moja, akauvuta bila kuupandisha wala kuushusha. Akiweza, akashika na kuhesabu polepole hata 30 bila kutetemeka, upinde huo ni wake. Asipoweza, si wake, hata kama bei ni nzuri na rangi yapendeza. Akanipa wa ratili 60. Nikauvuta nusu, bega likakataa, nikaurudisha. Akaupunguza hata 55. Ukaja, lakini nilipofika 12 katika kuhesabu alama ikaanza kucheza. Akaniletea mwingine wa ratili 50. Nikauvuta kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake. Nikahesabu 30, nikaongeza kumi, na alama ilikuwa imetulia.

Yule kijana akasema, bila ubaya, “Mzee, si kidogo mno hizo?” Fundi akamjibu kwa niaba yangu kwamba sheria ya Minnesota yataka upinde wa kuwindia ayala usipungue ratili 30, na kwamba mwenye 50 zilizotulia hana sababu ya kumwonea wivu mwenye 70 zinazotetemeka. Nami nikamwambia kijana methali yetu, nikaifasiri kadiri nilivyoweza: Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Akaifikiri kidogo, akaketi katika kile kiti mwenyewe. Sikukaa kuona aliondoka na upinde gani, lakini naliona ameurudisha ule wa 70 ukutani.

Tena iko habari moja ya kweli ambayo yafaa kila mpenda upinde aijue. Mwaka 1911 katika California alitokea mtu mmoja wa kabila la Wayahi, aliyebaki peke yake baada ya watu wake kuuawa na kutoweka. Wataalamu waliompokea walimwita Ishi, neno ambalo katika lugha yake maana yake ni mtu. Alikaa San Francisco hata alipofariki mwaka 1916. Daktari mmoja, jina lake Saxton Pope, alifanya urafiki naye, akajifunza kwake kutengeneza pinde na kuwinda, na mwaka 1923 kikatoka kitabu cha Pope ambacho kiliwarudisha Wamarekani wengi katika kuupenda upinde. Upinde wa Ishi haukuwa wa nguvu nyingi. Nguvu zake zilikuwa katika kunyamaza, kungoja, na kumkaribia mnyama. Mwata alichonga upinde mzito kwa ajili ya tembo. Ishi alichonga mwepesi kwa ajili ya ayala. Wote wawili walikuwa na akili moja, maana kila mmoja aliupima upinde kwa kazi yake, wala hakuupima kwa macho ya watu.

Jambo jingine linalowadanganya wanunuzi ni kasi iliyoandikwa katika karatasi ya matangazo. Utasoma kwamba upinde fulani hurusha mshale futi 330 kwa sekunde. Huenda ni kweli, lakini ulipimwaje? Kwa desturi kipimo hicho huchukuliwa kwa upinde wa ratili 70, ukivutwa inchi 30, na mshale mwepesi wa greni 350. Greni 7,000 ni ratili moja, basi waweza kuona jinsi mshale huo ulivyo mwepesi. Mimi navuta inchi 28 na ratili 50, na mshale wangu ni wa greni 420. Kwa hiyo kasi ile ya karatasi si yangu, wala sikuitaka. Mshale mzito kidogo huenda polepole zaidi, lakini hupenya vizuri, na upinde hutoa sauti ndogo. Tena pinde zenye kasi sana mara nyingi hazisamehi. Mkono ukiyumba kidogo tu, mshale huenda kando.

Sasa habari za fedha. Ukutani ulikuwako upinde mmoja mzuri sana, mpya wa mwaka ule, na bei yake ilipita dola 1,000 kabla ya kutia hata kilengeo. Naliushika. Ulikuwa mwepesi, umetengenezwa vizuri, na nafsi yangu ikaanza kunitolea hoja. Lakini hesabu ya mezani ilikuwa imekwisha kukatwa. Fundi akanitolea mwingine wa mwaka uliotangulia, haujatumiwa na mtu, pamoja na kilengeo na podo, kwa dola 449. Nikanunua mishale sita kwa dola 72, vyembe vitatu kwa 38, na kifyatulio cha kufunga kifundoni mwa mkono kwa 55. Pamoja na kodi ya mauzo ikawa dola 663. Zile 37 zilizobaki nikamrudishia mke wangu, naye akazitia katika mkebe wa ada bila kusema neno, ila naliona ameridhika.

Yafaa mjue pia kwamba katika bei ya upinde imo kodi nyingine isiyoonekana. Tangu sheria ya mwaka 1937, watengenezaji wa silaha za kuwindia Marekani hutoa kodi maalumu, na kwa sheria ya mwaka 1972 pinde na mishale ziliingizwa. Kwa upinde wa ratili 30 au zaidi kodi hiyo ni asilimia 11. Fedha hizo hugawiwa majimbo kwa kutunza wanyama na mapori yao, na kwa kuwafundisha wawindaji. Basi anayenunua upinde hulipa sehemu ya malisho ya ayala.

Mwenye fedha kidogo aweza kununua upinde uliokwisha kutumiwa, lakini auchunguze. Apitishe pamba polepole juu ya zile sehemu mbili zinazopinda. Pamba ikinasa nyuzi, pana ufa, na upinde huo waweza kupasuka usoni mwake. Atazame ugwe: ukiwa umechakaa na kuota manyoya, aongeze bei ya ugwe mpya katika hesabu yake. Atazame kama kapi zimenyoka. Na kamwe asikubali mtu auvute upinde na kuuachia bila mshale, maana nguvu ambayo ingechukuliwa na mshale hurudi katika upinde wenyewe na kuuvunja.

Upinde wangu wa zamani mwanangu aliutaka. Nalifurahi, maana kila baba hupenda kitu chake kishikwe na mtoto wake. Tukampima, akapata inchi 30, na upinde ule haukuweza kuvutwa zaidi ya 29. Vipande vya kuubadili havitengenezwi tena. Akaniambia, “Baba, nitajikunja kidogo tu.” Nikamjibu, “Mwanangu, usiukunje mwili wako kwa ajili ya kumbukumbu yangu.” Nikamweleza kwamba hata babu yangu alichonga upinde wake kwa kipimo cha mkono wake mwenyewe, na baba yangu akachonga wake. Kitu tulichorithi ni desturi ya kupima. Basi tukauuza upinde ule kwa mtu mwenye kipimo chake, dola 120, na fedha hizo zikawa mwanzo wa upinde wa mwanangu, ambao ataununua ada itakapokwisha kulipwa.

Nilipokwisha kununua, sikwenda porini mara moja. Tangu Juni nalipiga mishale kumi kila jioni, kisha ishirini, nikisimamisha kazi kila bega lilipoanza kulalamika. Agosti nikapiga nimekaa, kwa kuwa porini nakaa. Septemba nikavaa koti la baridi, nikaona kwamba ugwe wagusa mkono wa koti, nikaufunga kwa ukanda. Mwisho nikavijaribu vile vyembe vyenyewe, kwa sababu chembe chenye makali haliendi sikuzote kama kichwa butu cha mazoezi.

Wiki ya tatu ya Oktoba ayala jike alikuja kwa yadi 17. Nikavuta pasipo kuinua upinde, naye hakunisikia. Alama ikatulia nyuma ya bega lake, nikafyatua. Akakimbia akaingia mitini, na kukawa kimya. Nikangoja nusu saa kama ipasavyo, kisha nikafuata damu, nikamkuta ameanguka, hatua sabini hivi. Mshale ulikuwa umepita pande zote mbili. Nyama tukaigawa: sehemu yetu, sehemu ya jirani, na sehemu ya bibi mmoja wa kwetu ambaye hupika mchuzi wa nyama hiyo kuliko sote.

Basi, ndugu zangu, anayetaka kununua upinde na ajipime kwanza yeye mwenyewe: mkono, jicho, bega, na mkoba. Daktari ameniambia kwamba bega langu litaendelea kupungua nguvu. Siku ya kushuka kwenda ratili 45 nitashuka, na baadaye 40, nami sitaona haya kuketi tena katika kile kiti. Na siku nitakapoketi na kushindwa kuushika wa ratili 30 ukatulia, sheria ya Minnesota na bega langu yatakuwa yamesema neno moja. Hapo nitautundika ukutani kama babu alivyoutundika wake, nami nitamngojea mwanangu arudi na sehemu yangu ya nyama.